Hawothia dirishani: udongo wa tofali, kijiti cha mishikaki na jua la ikweta

Hawothia ni mmea mdogo wa ndani, na nyingi zinazokufa katika nyumba za Kampala, Entebbe na Jinja hufa zikiwa zimeshiba maji. Mtu hununua mche mzuri kando ya barabara, majani yamechongoka na kujipanga duara, kila jani limepigwa vistari vyeupe kama punda milia. Mche umo ndani ya kavera nyeusi, yaani mfuko wa plastiki, iliyojaa udongo mweusi. Anaufikisha nyumbani, anauweka juu ya meza ya sebuleni, anaumwagilia kila Jumamosi pamoja na maua mengine. Baada ya miezi miwili au mitatu anaushika ili aufute vumbi, nao unang'oka mkononi: juu majani, chini hakuna mzizi. Karibu kila ushauri ulio hapa chini, kuanzia tofali hadi dirisha, unahusu jambo moja tu, yaani muda ambao udongo wa chungu chako unachukua kukauka. Ukiumudu muda huo, hawothia itakaa nawe miaka kumi na zaidi katika chungu kisichozidi upana wa kikombe cha chai.

Mmea wenyewe

Hawothia ni ndugu wa mshubiri, ule ambao wengi huuita alovera, ila yenyewe ni ndogo. Aina zinazouzwa kwetu kwa kawaida hazizidi sentimita 10 hadi 15 kwa urefu. Nyingi zina asili ya Afrika Kusini, hasa jimbo la Rasi ya Mashariki. Huko huota chini ya vichaka na kati ya mawe, ambako jua huzifikia likiwa limechujwa na matawi. Ndiyo maana huvumilia maisha ya ndani kuliko dungusi nyingi, ambazo zimezoea jua la wazi. Jina lilitokana na Adrian Hardy Haworth, mtaalamu wa mimea wa Uingereza aliyefariki mwaka 1833. Mwaka 2013 zile zenye majani magumu zilitengwa zikaitwa Haworthiopsis, kwa hiyo usishangae kukuta mmea uleule una majina mawili.

Inayopatikana kwa wingi ni Haworthiopsis attenuata. Wauzaji wengi huiita fasciata. Kuzitofautisha ni rahisi: pitisha kidole upande wa juu wa jani, ule unaotazama katikati ya mmea. Ukihisi vipele vyeupe, hiyo ni attenuata. Fasciata ni laini upande huo na vistari vyake viko mgongoni tu. Matunzo ni yaleyale, basi usigombane na muuzaji. Ya pili utakayokutana nayo ni Haworthia cooperi, yenye majani mafupi, manono, na ncha zinazopitisha mwanga kama kioo. Hiyo huungua upesi zaidi kwa jua, ipe kivuli zaidi ya mwenzake.

Kuna jambo la ndani ya mmea linalofaa kueleweka kabla ya kushika mtungi wa maji. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani mchana ili ivute hewa, na hapo hupoteza maji mengi. Hawothia hufanya hivyo usiku kukiwa na ubaridi, kisha mchana hujifunga. Mmea wa mahindi ukiumwagilia asubuhi, kufikia jioni umeshanyonya na kutoa sehemu kubwa ya maji yale. Hawothia hainyonyi hivyo. Maji unayoimwagia huondoka zaidi kwa kukauka kupitia uso wa udongo na kuta za chungu. Kama udongo na chungu haviyaruhusu kuondoka, yatakaa hapohapo yakizunguka mizizi kwa wiki kadhaa, na mizizi isiyopata hewa hufa kwanza ndipo kuvu huja kuimaliza.

Udongo: hapa ndipo kazi kubwa ilipo

Udongo wa kitaluni huwa ni udongo mweusi uliochanganywa na samadi na maganda ya kahawa. Unafaa sana kwa mche wa parachichi. Kwa hawothia ndani ya nyumba ni hatari, kwa sababu maganda yakioza huwa kama sifongo, na udongo hujikaza ukawa bonge. Usisubiri mmea uugue. Ubadilishe udongo katika wiki ya kwanza baada ya kununua.

Madukani utasikia sifa za perlaiti, mawe meupe mepesi yanayoagizwa kutoka nje. Ni mazuri, lakini Uganda tuna kitu kinachofanya kazi hiyo kwa bei ya karibu bure: tofali la kuchoma. Kipande cha tofali kina vitundu vidogo vinavyonyonya maji kidogo na kuyaachia polepole, huku nafasi kati ya vipande zikibaki na hewa. Chagua tofali lililoiva vizuri, jekundu hadi ndani, linalolia ukiligonga. Ambalo halikuiva huyeyuka na kurudi kuwa tope. Lijaribu kwa kuloweka kipande kwenye maji usiku kucha na kukibonyeza asubuhi. Vipande vya vigae vya udongo, vile vinavyotengenezwa Kajjansi, navyo vinafaa. Usichukue matofali ya nyumba iliyobomolewa yenye saruji iliyogandamana, kwa kuwa saruji huongeza chokaa kwenye udongo na mizizi hushindwa kuchukua baadhi ya virutubisho. Ukiwa Kisoro, mawe ya volkano yenye vitundu yaliyopondwa yanafaa pia, tena hayana shaka ya kuyeyuka.

Weka tofali ndani ya gunia, lilowanishe kidogo ili lisitoe vumbi, kisha liponde kwa nyundo. Kinga macho. Chekecha mara mbili. Kwanza tumia chekecheo la fundi mwashi lenye matundu ya milimita 6 hivi. Yanayobaki juu ni makubwa mno, yarudishe guniani. Yaliyopita yachekeche tena kwa wavu wa dirisha wa kuzuia mbu. Yanayopita hapo ni vumbi, litupe. Unachotaka ni kile kilichobaki juu ya wavu. Kioshe mpaka maji yatoke meupe. Watu wengi huruka hatua ya wavu kwa kuona kwamba vumbi kidogo halina neno, lakini vumbi hilo ndilo hujaza nafasi za hewa zote na kukurudisha kwenye udongo wa kitaluni. Tofali moja linatosha vyungu vidogo vinne au vitano.

Kipimo tunachopendekeza, kwa kikombe chochote ulicho nacho: vikombe 4 vya tofali, vikombe 2 vya mchanga mkubwa wa chembe za milimita 2 hadi 4, na vikombe 2 vya mboji iliyoiva na kuchekechwa. Mchanga wa ziwa, ule unaoletwa Kampala kwa malori kutoka Lwera, ni bora kuliko wa shimoni, maana wa shimoni huja na udongo wa mfinyanzi ndani yake. Hata huo wa ziwa uchekeche. Chembe laini zifae plasta. Unaweza kuongeza konzi ya makaa yaliyopondwa ukubwa wa punje za mahindi, ingawa si lazima. Samadi ya kuku usiiweke kabisa, ni kali mno.

Kabla ya kupanda, jaribu mchanganyiko. Jaza chungu, mwaga glasi ya maji juu. Maji yapotee usoni kwa sekunde mbili tatu na yaanze kutoka chini kabla hujahesabu hadi kumi. Yakituama juu kama kidimbwi, rudi kwenye chekecheo.

Chungu

Upana wa sentimita 8 au 9 unatosha mmea mmoja. Acha sentimita moja au mbili kati ya majani na ukingo, basi. Chungu kikubwa hubeba udongo ambao mizizi haiufikii, na udongo huo hukaa na maji yasiyo na mnywaji. Kampala, Entebbe na maeneo yote yanayozunguka Ziwa Victoria, ambako hewa ina unyevu, chungu cha udongo kisichopakwa rangi ni bora kwa kuwa kuta zake hupumua. Moroto au Arua wakati wa kiangazi kikali, cha plastiki kina faida, kwani cha udongo hukauka haraka mno.

Tundu la chini ni lazima. Kikombe cha bati au kopo zuri vinaweza kutobolewa kwa msumari wa inchi nne, matundu manne au matano. Kikombe cha kauri kisichotoboleka kitumie kama vazi la nje tu: mmea ukae kwenye kopo lake lenye matundu, utolewe wakati wa kumwagilia, urudishwe ukishachuruzika.

Kuna desturi ya kuweka tabaka la kokoto chini ya chungu ili maji yapite. Haisaidii, na inadhuru kidogo. Maji hayatoki kwenye udongo wenye chembe ndogo kuingia kwenye mawe makubwa mpaka udongo ule wa juu ushibe kabisa. Kwa hiyo tabaka la maji ambalo lingekaa chini ya chungu sasa linakaa juu ya kokoto, karibu zaidi na mizizi. Kipande cha wavu juu ya tundu, ili mchanga usidondoke, kinatosha. Kokoto zihamishie juu, zitandaze usoni kwa unene wa sentimita moja, zizuie majani ya chini kugusa unyevu. Hapo zina faida ya kweli.

Maji

Usihesabu siku. Chukua kijiti cha mishikaki, kile cha muchomo, kichomeke pembeni mwa chungu hadi chini, kiache dakika kumi, kisha kichomoe. Kikitoka kimekolea rangi au kimeshikwa na chembe za udongo, chini bado kuna maji, subiri. Kikitoka kikavu kama kilivyoingia, mwagilia. Uso wa udongo usikudanganye. Hukauka siku ya pili wakati chini pamelowa wiki nzima.

Mwenye mizani ya jikoni ana njia bora zaidi. Pima chungu na mmea wake udongo ukiwa mkavu kabisa, andika gramu kwa kalamu ya wino usiofutika ubavuni mwa chungu. Mwagilia, acha kichuruzike nusu saa, pima tena, andika namba ya pili. Kuanzia hapo, mwagilia tu kikirudi karibu na namba ya kwanza. Baada ya mwezi mkono wako utakuwa umejifunza uzito huo na mizani haitahitajika.

Siku ya kumwagilia, mwagilia kweli. Kunyunyiza vijiko viwili kila siku ni kosa kubwa kama la kuzamisha: juu panakuwa na unyevu wa kudumu, mizizi ya chini inakufa kwa ukavu. Mwaga taratibu kuzunguka mmea mpaka maji yatoke chini, subiri dakika 15 hadi 30, mwaga yaliyobaki kwenye kisahani. Fanya asubuhi. Usimwage katikati ya majani. Yakiingia yafyonze kwa kipande cha tishu, hasa Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, miezi ya mvua ambapo maji katikati ya mmea yanaweza kukaa siku kadhaa bila kukauka.

Kwa anayetaka japo makadirio: katika mchanganyiko wa tofali, chungu cha sentimita 9, nyumba ya Kampala yenye madirisha yanayofunguliwa, Desemba hadi Februari na Juni hadi Agosti utajikuta ukimwagilia kila siku 10 hadi 14 hivi. Wakati wa mvua, wiki tatu, pengine nne. Ukikuta umefikia siku ya ishirini na kijiti bado kinatoka na unyevu, mkosaji si mmea. Ni udongo au ni giza. Na ukiwa na shaka kati ya leo na wiki ijayo, chagua wiki ijayo. Jani lililolegea kwa kiu hunyanyuka ndani ya siku chache baada ya maji. Lililooza halirudi.

Maji ya bomba ya Kampala yanatoka Ziwa Victoria, ni laini, hayana madini mengi. Yatumie bila wasiwasi. Maji ya mvua kutoka kwenye mabati ni mazuri zaidi, ila acha mvua ya kwanza baada ya kiangazi ioshe paa kwanza. Wenye visima vya maji ya chumvi wataona ukungu mweupe mgumu ukijenga ukingoni mwa chungu. Hao wawe na tangi la mvua, au angalau kila baada ya miezi mitatu wapitishe maji mengi ya mvua kwenye udongo ili yaondoe chumvi.

Jua la hapa si jua la kule

Ushauri mwingi wa intaneti unakuambia uweke mmea wako kwenye dirisha la kusini, na upunguze maji majira ya baridi. Umeandikwa kwa ajili ya watu wa Ulaya na Marekani, ambao jua lao linapita upande wa kusini mwaka mzima na siku zao hufupika sana Desemba. Sisi ikweta inapita katikati ya nchi. Urefu wa siku zetu haubadiliki, ni saa 12 hivi mwezi wowote. Saa sita mchana jua liko karibu utosini. Linaegemea kaskazini kati ya Aprili na Agosti, linaegemea kusini kati ya Oktoba na Februari, na hata linapoegemea zaidi huwa juu mno kiasi kwamba upenu wa kawaida unalizuia lisiingie ndani.

Maana yake kwa hawothia ni hii. Dirisha la kaskazini na la kusini, yote mawili, hutoa mwanga mpole kwa muda mrefu wa siku, na mmea unaweza kukaa palepale kwenye kizingiti. Dirisha la mashariki hupokea jua la moja kwa moja kuanzia saa moja asubuhi. Jua hilo ni zuri hadi saa tatu au saa nne, na ndilo dirisha ambalo mimi ningelichagua kwanza. La magharibi ndilo la kuogopa. Jua la saa tisa alasiri huingia likiwa limeshachemka, likipita kwenye kioo ambacho nacho kimepata moto mchana kutwa. Hapo sogeza mmea ndani mita moja au weka pazia jepesi jeupe.

Halafu kuna vioo vyenyewe. Majengo mengi mapya yamewekwa vioo vya rangi ya buluu au kahawia vinavyorudisha jua nje. Kwa macho yetu chumba kinaonekana kina mwanga, kwa mmea ni jioni. Ukiwa na vioo hivyo, hawothia lazima ikae kizingitini kabisa, si mezani.

Kupima mwanga hakuhitaji kifaa. Saa sita mchana weka karatasi nyeupe mahali unapotaka kuweka mmea, nyoosha mkono sentimita 30 juu yake. Kivuli chenye kingo zilizofifia lakini vidole vinahesabika, hapo panafaa. Kivuli kikali chenye kingo kama zilizokatwa na wembe, pana jua kali, litachoma. Ukikosa kivuli, pana giza. Hawothia itaishi hapo miezi mingi ikizidi kuharibika.

Mahali penye giza kabisa, taa ya LED nyeupe ya wati 10 iliyowekwa sentimita 20 hadi 30 juu ya mmea kwa saa 12 inatosha. Umeme ukikatika jioni moja mbili hakuna kitakachotokea.

Mmea uliotoka gizani usiupeleke juani siku hiyohiyo. Uongezee mwanga kwa hatua, wiki mbili hadi tatu. Wengi hufanya kosa hili wanapoona mmea umerefuka. Wanautoa barazani saa tano asubuhi, jioni una mabaka meupe ambayo hayatafutika maisha yake yote.

Joto halisumbui sana kwetu. Nyuzi 18 hadi 27 ndizo inazozipenda, na hilo ni karibu maelezo ya hali ya hewa ya Kampala. Nyumba ya mabati isiyo na dari ni jambo jingine: rafu ya juu huwa tanuri mchana, na mmea uliopatwa na joto kali husimama kukua na haunywi, kwa hiyo punguza maji badala ya kuongeza. Kabale usiku ni baridi, mmea utavumilia alimradi udongo uwe mkavu. Baridi pamoja na unyevu ndivyo vinavyoua.

Dalili na maana zake

Majani ya chini yamelainika, yana rangi ya njano iliyofifia au yamekuwa kama yana maji ndani, ukiyagusa yanachomoka: ni kuoza. Toa mmea leo, usingoje wikendi. Kung'uta udongo wote. Mizizi hai ya hawothia ni minene, myeupe au ya rangi ya maziwa, imekaza. Iliyokufa ni kahawia, mitupu, ukiivuta ganda linatoka na kuacha uzi. Kata iliyokufa yote kwa kisu kilichofutwa kwa spiriti. Kama kitako chenyewe kimeoza, kata vipande vyembamba kupanda juu, ukifuta kisu kila mara, mpaka uone nyama safi isiyo na doa hata moja la kahawia. Doa moja likibaki, uozo utaendelea. Weka mmea kivulini penye upepo siku 5 hadi 7, wakati wa mvua hadi 10, mpaka kidonda kikauke kama kimevikwa ngozi. Kisha uketishe juu ya mchanganyiko mkavu, uushikize kwa kokoto tatu, usimwagilie kwa wiki nzima. Baada ya hapo lowanisha kidogo pembeni. Mizizi mipya huja kati ya wiki tatu na sita. Utajua kwa kuuvuta taratibu ukaona unakataa.

Majani yamekuwa membamba, yamejikunja ndani, ya chini yamekauka kama karatasi: hii ni kiu, au mizizi imekufa. Mwagilia vizuri. Yakinyanyuka ndani ya siku nne tano, ilikuwa kiu. Yasiponyanyuka, usirudie kumwagilia. Toa mmea uangalie mizizi. Kosa linaloua hapa ni kuona mmea umenyauka na kuuongezea maji huku hauna mdomo wa kuyanywea.

Hawothia ina tabia ya kufisha baadhi ya mizizi yake ya zamani na kuota mipya, na hilo ni jambo la kawaida. Mizizi iliyokufa ikibaki kwenye udongo uliolowa huwa chakula cha kuvu. Kwa sababu hiyo, kila baada ya mwaka mmoja na nusu au miwili toa mmea, ondoa mizizi mikavu, badili udongo, hata kama chungu hakijajaa. Vilevile, mmea ukionekana kuzama udongoni wakati wa kiangazi usiogope. Una mizizi inayojikunja na kuvuta mwili chini, kama unavyofanya porini kujificha na jua.

Mmea unarefuka katikati, majani yanaachana na kuelekea dirishani, rangi imepauka: giza. Sehemu iliyorefuka haitarudi kuwa fupi, majani mapya yatabana ukisogeza. Zungusha chungu robo duara kila wiki mbili.

Rangi kuwa nyekundu au kahawia sawasawa mmea mzima ni jua lililozidi kidogo, hurudi ukisogeza. Ncha za majani kukauka milimita chache ni jambo la kawaida, ziache.

Pamba nyeupe kwenye makutano ya majani ni vidung'ata, wadudu wadogo wanaofyonza mmea. Sisimizi wakipanda na kushuka kwenye chungu bila sababu, tafuta vidung'ata, kwani sisimizi huwalinda ili wanywe utomvu mtamu wanaoutoa. Chovya kijiti chenye pamba kwenye spiriti ya duka la dawa, ya asilimia 70, gusa kila mmoja, rudia kila siku tano kwa wiki tatu. Waragi haifai, kilevi chake cha asilimia 40 hivi ni hafifu kwa kazi hii. Wabaya zaidi ni wale wa mizizini, wanaoonekana kama unga mweupe ndani ya chungu unapobadili udongo. Hao osha mizizi yote kwa maji ya bomba na sabuni kidogo ya maji, suuza, kausha siku tatu, tupa udongo ule mbali na bustani, chemsha chungu au kitumbukize kwenye maji yenye jiki. Mche mpya wowote utenge na wenzake wiki tatu. Vidung'ata wengi huingia nyumbani kwa njia ya mche mpya.

Vumbi jekundu la barabarani wakati wa kiangazi hufunika majani na kupunguza mwanga. Litoe kwa brashi laini ya rangi. Mafuta ya kung'arisha majani, maziwa na vitu vya namna hiyo viweke mbali.

Mbolea ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Robo kijiko cha chai cha NPK 17-17-17 ndani ya lita 2 za maji, iache usiku kucha iyeyuke, mwagilia maji ya juu tu, mara mbili au tatu kwa mwaka, na kamwe si kwenye udongo mkavu kabisa wala kwa mmea mgonjwa.

Wenye watoto wadogo na paka wajue kwamba hawothia haina sumu. Ila kwenye kitalu hukaa bega kwa bega na mimea ya jamii ya yuforbia, inayotoa maziwa meupe ukiikwaruza. Maziwa hayo huunguza ngozi na ni hatari kwa macho. Kwaruza kidogo kabla ya kununua kama huna hakika: hawothia hutoa maji tu.

Maua na watoto

Siku moja utaona kijiti chembamba kinachomoza kati ya majani, kinaweza kufika sentimita 30 au 40, kikabeba maua madogo meupe yenye mistari ya kijani na kahawia. Mmea haufi baada ya kuchanua. Maua yakikauka kata kijiti karibu na majani. Kisalie kisiki cha sentimita mbili, kitang'oka chenyewe kikikauka.

Watoto huota kitakoni. Usiwatenge wakiwa wadogo kama kidole gumba. Ngoja wafikie theluthi moja ya ukubwa wa mama na wawe na mizizi yao. Wakati mzuri ni unapobadili udongo, mwanzoni mwa kiangazi kifupi cha Juni au cha Desemba, kwa kuwa vidonda hukauka haraka. Toa mmea, futa udongo kwa vidole mpaka uone mahali mtoto alipoungana na mama, mzungushe taratibu. Mara nyingi huachia mwenyewe. Asipoachia kata kwa kisu safi. Mweke kivulini siku 3 hadi 5, umpande kwenye chungu cha sentimita 5 au 6, si zaidi, kwenye udongo uleule wa tofali. Maji ya kwanza yasubiri siku saba. Mtoto asiye na mizizi kabisa naye hufaulu, ila umwache juu ya udongo mkavu wiki mbili, kisha anza kulowanisha kijiko kimoja pembeni kila baada ya siku tano hadi ashike. Majani yake ya nje yatanywea kidogo wakati huo, kwani anakula akiba iliyomo humo. Yakianza kujaa tena, mizizi imefika kwenye maji, na kuanzia hapo mpime kwa kijiti kama mkubwa.